Anayecheza Mechi za Kirafiki Tu

Wanangu mliobaki na begi la huduma ya kwanza, mmeniomba niandike ninayoyajua ili msianze kazi kwa kupapasa kama nilivyoanza mimi. Nimekubali, na sababu kubwa ni kwamba kukaa kumenishinda. Jirani zangu wa Mabawa, hapa Tanga, ni mashahidi. Nafagia uwanja asubuhi, nafagia tena kabla ya adhuhuri, mpaka jirani mmoja ameniuliza kama natarajia wageni. Wageni gani. Mtu aliyezoea kusimama pembeni mwa mstari akimvizia mtoto wa mwenzie aanguke, ukimwambia akae kwenye kiti aangalie barabara unamwonea tu. Kwa hiyo naandika kidogo, nasimama, nakwenda mpaka mlangoni, narudi. Mkiona mahali nimerukaruka mjue nilikuwa mlangoni.

Habari za vyeo na mishahara zimo ofisini, na hazina utamu. Mimi nitaandika ya chumba cha kubadilishia nguo, kwa kuwa humo ndimo nilimozeekea.

Siku ya kwanza nilikwenda uwanjani na viatu vyeupe vya wodini. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa, na kocha wa timu ya wanawake, Mwalimu Mhina, alikuja hospitali kuomba mwanamke anayejua maungo. Wazazi wetu wa pwani walikuwa wamechoka kuona wanaume wakiwakanda mabinti zao mapaja mbele za watu. Nilidhani ni kazi ya jioni mbili tatu. Nikamkuta Bi Tatu, matroni wa timu, amekalia ndoo aliyoipindua. Akaniangalia kuanzia kichwani, akashuka taratibu, akaishia kwenye viatu. “Karibu, bibi harusi,” akaniambia. Jina hilo lilinikaa msimu mzima.

Siku hiyohiyo kiungo wetu akateguka goti. Barafu hakuna. Bi Tatu akamtuma mtu soko la samaki, likaja pande la barafu lililolaliwa na changu tangu alfajiri. Tukalivunja, tukalifunga kwenye kitambaa chenye maji, tukamwekea. Goti lilipungua kuvimba vizuri kabisa, lakini mchumba wake alipokuja kumchukua alimuuliza kama ameanza biashara ya samaki. Tangu hapo nimesisitiza mambo mawili: barafu isiguse ngozi moja kwa moja, na ikitoka sokoni ioshwe. Kifundo nacho kifungwe mguu ukiwa umekunjwa, vidole vikimwelekea mwenyewe, na plasta izunguke bila kukazwa kama mnafunga mzigo wa kuni. Nimewaona baadhi yenu mnakaza. Acheni.

Bi Tatu alibeba kanga nyingi kuliko bendeji. Mchezaji akiumia paja, kabla hujamgusa kanga inatandazwa, anafunikwa, ndipo unaanza kazi. Na bafuni wasichana wetu wengi waliingia na kanga, wakaoga nazo, wakatoka nazo zimeloa. Ndivyo walivyolelewa Tongoni na Pangani na kwingineko pwani. Waliotoka kwenye makambi ya mkonge hawakuwa na habari hiyo. Anjela, ambaye nitamtaja tena, baba yake alikuwa mkata mkonge, na yeye alioga peupe na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti. Alikuwa akituambia kwamba wao walizaliwa wengi chumba kimoja, sasa wafichane nini. Tulicheka, kila mtu akaoga kwa desturi yake.

Jambo lililonishtua mapema katika kazi hii ni ukaguzi. Nyinyi mmelikuta limeshaondoka, kwa hiyo nitaeleza. Siku zile timu ikifungwa, au ikiona itafungwa, kiongozi wake alikwenda kwa mwamuzi akadai kwamba mchezaji fulani wa upande wa pili ni mwanaume. Hakuhitaji ushahidi. Msichana akiwa na mabega, au sauti nene, au akiwa na mbio tu, yalimtosha. Mwamuzi aliwaita matroni wa timu zote mbili, wakaingia na huyo msichana chumbani, wakafunga mlango, na mpira ukasubiri majibu yao.

Mara ya kwanza niliingia na Bi Tatu. Nilikuwa nimeshavaa glavu. Msichana, beki wa wapinzani, alikuwa amejibana kwenye pembe. Bi Tatu akaziangalia glavu zangu, akauliza kama nimekuja kuchinja kuku, akaniamuru nizivue. Kisha akamwambia msichana akae, akampa maji, akamuuliza, “Somo yako nani, mwanangu?”

Kwa wale wa bara: somo ni mwanamke mzima anayemchukua msichana anapovunja ungo, akamweka ndani awe mwari wake, akamcheza ngoma zake, akamfunda mambo ya mwili na ya unyumba. Kila msichana wa kwetu ana wake, na anaye mpaka kufa. Yule beki akamtaja mwanamke wa Muheza. Matroni wa upande wake akasema anamfahamu, mwanamke mkali, hapiki pilau mtu akala. Tukacheka. Tukaulizana habari za mguu uliomwuma msichana wiki iliyopita. Baadaye tukatoka, na Bi Tatu akamwambia mwamuzi, “Mwanamke. Mpira uanze.”

Hakuna aliyeangalia kitu. Mimi niliyetoka hospitali nilikasirika, nikamwambia Bi Tatu kwamba ule si ukaguzi. Akanijibu kwamba mtoto aliyefundwa na wanawake ni mwanamke, na asiyeridhika aende akamwulize aliyemfunda, kama ana ubavu. Sikuridhika, mpaka tulipokwenda mechi moja ya bara ambako matroni wa huko walimkagua kiungo wetu kikwelikweli. Alitoka chumbani, akacheza, tukashinda, akarudi nyumbani, akakunja jezi yake akamrudishia Mwalimu Mhina. Hakugusa mpira tena. Ndipo nami nikaanza kuuliza habari za somo.

Sasa nifike kwa Mishi, kwa kuwa ndiye anayeninyima kukaa. Amenipa ruhusa niandike, kwa sharti nitumie jina la utani tu.

Mwalimu Mhina alimwona Tongoni kwenye bonanza la shule, akarudi anaongea peke yake. Nilipomwona nikaelewa. Alikuwa mrefu, miguu mirefu, mabega yametanuka, sauti ya chini, na mpira ukimfikia mguuni ulitulia. Alipiga mashuti mpaka kipa wetu akaomba asipangiwe naye mazoezini. Na alikuwa mtoto mwenye adabu ya kuudhi. Shikamoo yake ilikuwa ya kupiga goti hata uwe umebeba ndoo mbili. Mashabiki wa ugenini hawakumwona hiyo adabu, waliona mabega. Kila uwanja alipigiwa kelele kwamba ni dume. Wakatangaza kwamba anaoga na kanga kwa sababu ana anachokificha. Nusu ya timu yangu ilioga na kanga, na hakuna aliyeuliza wale wengine wanaficha nini.

Lazima mjue jambo moja juu ya Mishi, vinginevyo hamtaelewa mengine. Alitaka kucheza mpira, basi. Hakuwa na mchumba, hakuwa na simu ya maana, hakuwa na ndoto ya duka. Siku timu ikipumzika alipita kwangu kuuliza kama kwa bahati mazoezi yamerudi.

Matroni safarini ndiye anayegawa pedi, na baada ya Bi Tatu matroni nilikuwa mimi, na mnajua wenyewe huhitaji kuandika popote, unajua nani anakuja lini. Mishi hakuja. Msimu wa kwanza nikasema ni aibu, ananunua mwenyewe. Msimu wa pili nikajua si aibu. Kumwuliza haikuwa kazi yangu, hiyo ni kazi ya somo yake. Nikafunga safari mpaka Tongoni kwa Bi Saumu, mwanamke mfupi, mwenye macho ya kukufukuza. Nikamweleza kwa kuzunguka, kama tunavyoeleza sisi. Akasema alikwisha yaona kabla yangu. Wenzake Mishi walipochezwa wote, yeye alikuwa hajavunja ungo, na Bi Saumu akamcheza pamoja nao ili asibaki nyuma peke yake. “Hayo niachie mimi,” akasema.

Nikamwachia. Kwetu somo akishasema hivyo umemaliza. Ukimruka ukaenda kwa mwari wake, umemwambia mtoto kwamba hana somo, na hilo ni tusi kubwa kuliko yote ya uwanjani.

Mambo yakaenda. Mishi akafunga mabao, Anjela akakaa benchi kwa kuwa walicheza nafasi moja, na mimi nikafunga vifundo. Kisha timu kubwa ya Dar es Salaam, inayokwenda kucheza nje ya nchi, ikamtaka Mishi. Ilikuwa siku ya furaha. Bi Tatu alikwisha tangulia mbele ya haki, nilitamani angekuwepo. Mishi mwenyewe aliuliza swali moja tu, kama huko wanafanya mazoezi asubuhi na jioni. Alipoambiwa ndiyo, akacheka mwenyewe.

Nikampeleka Dar kwa vipimo. Daktari wa timu ile, nitamwita Dokta Neema, alikuwa msichana wa Lushoto, mpole, ananiita mama. Damu ikatolewa, picha zikapigwa, tukaambiwa turudi kusikiliza majibu. Tuliporudi nikazuiwa mlangoni, kwa kuwa mimi si mzazi wala ndugu, na Dokta Neema aliomba radhi akasema ni siri ya mgonjwa. Mgonjwa gani, mtoto mzima kama farasi. Nilitembea kwenye kile kibaraza mpaka mlinzi akaniletea kiti, nikakikataa.

Mishi alipotoka hakulia. Aliomba niitwe, Dokta akanieleza mbele yake. Alisema Mishi ni msichana aliyezaliwa na tofauti ndani ya mwili. Mfuko wa uzazi hana, na kuna sehemu ndani inayotoa homoni ambazo huwa nyingi kwa wanaume, na kwake ziko juu kuliko wasichana wengine. Haugui, hakurogwa, wala hakumdanganya mtu. Ila mashindano ya nje yana kanuni yake: mwanamke wa namna hiyo ama ameze dawa za kuzishusha, apimwe tena na tena, ama asicheze upande wa wanawake. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba wakubwa wa michezo duniani wanafikiria kukaza zaidi, na huenda hata hizo dawa zisimfae kitu hapo mbele. Hakuwa mtu mbaya. Alitupa namba yake, akasisitiza Mishi aonwe na daktari kila baada ya muda kwa ajili ya afya yake, acheze asicheze.

Tuliporudi, njia nzima Mishi alitazama dirishani. Tulipofika Segera akaniuliza kama nilijua. Nikamjibu kweli: nilijua huendi mwezini, hayo mengine nimeyasikia leo pamoja na wewe. Akageuza uso tena dirishani mpaka Tanga.

Mkataba ukafa. Haukupita muda, wakubwa wa ligi ya nyumbani nao wakasema hawawezi kuwa na kanuni yao peke yao, kwa hiyo leseni ya Mishi isingetolewa mpaka aanze dawa. Na mji ukajua. Hakuna aliyesema, lakini mchezaji aliyeagwa kwa vigelegele akirudi wiki ileile, watu wanajaza wenyewe. Mishi akaenda kwao Tongoni, akazima simu. Mwalimu Mhina alizunguka kiwanja cha mazoezi akiweka koni mahali palepale zilipokuwa.

Wiki hiyo nilimfunga Anjela kifundo. Wasichana wote walikuwa wanamlilia Mishi, yeye alikuwa kimya, hata nyimbo zake zilikatika. Nikamwuliza kwa ukali kidogo kama yeye hana la kusema kwa mwenzake.

“Ninalo, Mama Riziki,” akasema. “Nampenda Mishi. Lakini nimekaa benchi misimu yote hii nikijiuliza miguu yangu ina kosa gani. Nilikimbia peke yangu alfajiri mashambani, nikarudi, bado alinipita akitembea. Mimi nani alinililia?”

Nilivuta plasta kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, akaguna, nikailegeza. Mkiniuliza kanuni ile ni ya haki au la, nitawajibu kulingana na nani nimemwona mwisho. Nikimsikiliza Anjela naona lazima pawe na mstari mahali fulani, la sivyo upande wa wanawake una maana gani. Nikimwona Mishi naona mstari umechorwa katikati ya tumbo la mtoto wa watu, na waliouchora hawajapata kula naye hata kipande cha muhogo. Mawazo yangu yanakwenda na kurudi kama mimi mlangoni.

Nikaenda Tongoni. Nilikuta wote watatu uani kwa Bi Saumu: yeye anakuna nazi, mama yake Mishi kwenye mkeka, na Mishi amesimama mlangoni hataki kukaa. Nikaamkia, Bi Saumu akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nilihisi nimeingia katikati ya maneno, na ndivyo ilivyokuwa.

Mama yake Mishi alikuwa analia taratibu akisema yeye alidhani mtoto keshaambiwa zamani, kwa kuwa hayo mama hasemi na mwanawe, hayo ni ya somo. Bi Saumu akasema hakuchelewa. Mambo kama yale mwari huambiwa anapoposwa, kwa utulivu, ili achague mwenyewe kukubali posa au kuikataa, na kumwambia mchumba au kutomwambia. Ndivyo alivyofundishwa na somo yake. Mishi hakuwa ameposwa. Yeye alikuwa anangoja wakati wake ufike. Hakudhani mpira utafika kabla ya posa.

“Kwa hiyo mlikuwa mnamngoja mwanaume aje,” Mishi akasema, “ndipo mniambie habari zangu.”

Bi Saumu aliacha kukuna.

“Na asingekuja?” Mishi akauliza. Sauti yake haikupanda. “Mama alinyamaza kwa ajili yako. Wewe ulinyamaza kwa ajili ya posa. Mama Riziki alinyamaza kwa sababu ulimwambia akuachie. Mimi nimeambiwa na mtu niliyemjua wiki ileile, mlango umefungwa, nikiwa peke yangu.”

Nilitamani nitoke. Hasira ilinipanda, na ubaya wa hasira ile ni kwamba haikuwa na mtu wa kumwangukia, kwa kuwa kila mmoja alifanya kama alivyofunzwa. Tulimfunika mtoto vizuri, mpaka mwenyewe hakujiona.

Bi Saumu akainuka, akanawa mikono, akaikausha kwa upande wa kanga yake. Akamwambia Mishi aingie ndani akae, atamwambia yote sasa hivi, hata yale ambayo yeye mwenyewe hayajui vizuri. Mimi na mama yake tukaanza kujikusanya tuondoke, kwa kuwa desturi ni hiyo, somo na mwari wake peke yao.

“Na wao wakae,” Mishi akasema.

Sijapata kusikia mwari akimwamuru somo. Bi Saumu akasogeza mkeka, tukakaa wanne palepale uani. Aliyoyasema ni ya Mishi, sitayaandika. Nitaandika moja tu, kwa kuwa Mishi amesema niliandike. Bi Saumu alimwambia kwamba si wa kwanza. Walikuwepo hapohapo kijijini, aliwataja kwa majina, wanawake waliolima, waliosuka mikeka, waliolea watoto wa ndugu zao, wakazikwa na wanawake wenzao. Mmoja ndiye aliyemfundisha Mishi kusoma msahafu. Mishi alisikia jina hilo, akaweka mkono mdomoni, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu Dar. Mama yake akamvuta, akamlaza mapajani, naye na urefu wake ule akalala.

Alipoinuka alikuwa ameshaamua. Kwa daktari atakwenda kuangaliwa, kama Dokta Neema alivyosema. Dawa za kushusha homoni hatameza, kwa kuwa haumwi, na mtu hamezi dawa ili miguu yake iwe mizito. Mama yake akamwuliza kama anajua maana yake. Akasema anajua, ligi basi. Kisha akanigeukia mimi, na uso ule nauona mpaka leo nikifumba macho.

“Sasa nitacheza wapi, Mama?”

Wauguzi wa mpira tunajua kujibu maswali ya magoti. Nikakumbuka timu ya Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, ilikuwa imetualika mechi ya kirafiki Jumapili, na kwenye kirafiki hakuna kamisaa, hakuna leseni, mwamuzi anaombwa tu kwa soda. Nikamwambia Jumapili tuna Bweni. Akakimbilia kwao, akarudi na viatu vyake vya mpira ameviunganisha kwa kamba.

Jumapili hiyo tulivuka na kivuko, Mishi akiwa mbele kabisa kama anayeogopa mto utahama. Mwalimu Mhina alimpanga bila kuuliza. Kelele zilikuwepo, dume, dume, kama kawaida, na alifunga mabao kama kawaida. Anjela alicheza naye mbele, na nikaona kitu ambacho benchi lilikuwa limetuficha: wakiwa wawili, hawakabiki. Mpira ulipokwisha, matroni wa Bweni alinifuata, mama wa makamo, mkoba kwapani. Akauliza somo yake yule mrefu ni nani. Nikamjibu ni Bi Saumu wa Tongoni. Akasema, “Ahaa,” akaenda zake kutafuta watoto wake maji ya kunywa.

Tangu siku hiyo maisha ya Mishi ni hayo. Ligi ikianza, jezi yake anaivaa Anjela, anafunga, na simuonei kijicho, ameitolea jasho. Mishi anakaa jukwaani, anakula karanga na maganda yake bila kujua. Mwaka ule ule kanuni zikabadilika tena huko juu, zikakazwa kama Dokta Neema alivyotuonya, hata zile dawa zikawa si njia. Mishi alipoambiwa alisema afadhali hakuzimeza. Mechi ya kirafiki ikipatikana anakuwa mtu mwingine, anawahi uwanjani kabla ya nyasi kukauka umande, anachora mistari ya chokaa mwenyewe.

Ila zimepungua. Mwalimu Mhina anataka siku za mazoezi azitumie kwa wachezaji wa ligi, na ana haki, anadaiwa matokeo. Timu nyingine zimesikia, zinaogopa kuonekana zimecheza naye. Kocha mmoja wa wilaya jirani alinikubalia, akanipigia tena baada ya kushauriana na viongozi wake, akasema uwanja wao una maji. Wakati wa kiangazi. Na mimi nilipostaafu nilipoteza hata ile sauti ndogo niliyokuwa nayo kwenye kikao cha timu.

Kwa hiyo hiyo ndiyo kazi yangu sasa, wanangu, na ndiyo iliyoninyima kiti. Natafuta mechi. Nimepiga simu Muheza, Korogwe, Pangani, shule za sekondari, vyuo, timu za wafanyakazi, hata wamama wanaofanya mazoezi ya kupunguza mwili ufukweni, nao nikawauliza kama hawataki kujaribu mpira siku moja. Wengine wananiambia nimestaafu, nipumzike. Wengine wanaona namba yangu wanaiacha iite. Kubadilisha kanuni siwezi, inaandikwa mbali na watu wasiojua Tongoni iko wapi, na huenda wana sababu zao, Anjela amenifundisha hivyo. Ninachoweza ni kupata uwanja na timu ya upande wa pili, wakati miguu yake bado ni ya kucheza. Na miguu haingoji kikao cha mtu.

Mfundisheni vizuri atakayewafuata, osheni barafu, msikaze plasta. Mkikuta msichana hajaja kuchukua pedi, nendeni kwa somo yake kwa heshima zote, lakini msitoke hapo mpaka mjue ni lini atamwambia mtoto, na akisema akiposwa, kaeni palepale uani mpaka abadilishe. Na mkiona simu yangu, pokeeni. Sitauliza habari za begi. Jumamosi hii bado haina mechi, na Mishi ameshapita hapa asubuhi kuniuliza.